Mastaa, Mlipeni Fundi Wenu: Tagi Hainunui Msasa!

Wadau, leo sina habari ya nani kaachana na nani. Hizo zimejaa kila kona, mtazipata. Leo nina jambo limenikaa kooni tangu wikiendi, na nisipolitema litanipalia.

Ile posti mmeiona. Jina silitaji, wenyewe mnamjua: mwanamuziki wetu, miwani usoni hata saa sita usiku, shingo imejaa cheni. Kaposti picha kashika kigari chekundu kiganjani. Gari la spoti la milango miwili, halina paa, mkia mrefu, rangi inang'aa mpaka unaweza kujichania nywele, na kibao cha namba nyuma kina jina lake. Kapsheni: "Mtoto mpya kaingia nyumbani. Wazo langu, kazi yangu." Folowazi wakamwaga moto na makopa. Mara katikati ya komenti akatokea dogo mmoja wa Temeke, kistaarabu kabisa: "Asante kaka kwa kulipokea, naomba unitagi tu watu wajue pa kunipata." Haikupita saa, komenti imefutwa, dogo kapigwa bloku. Watu walipouliza, mtu wa timu ya staa akajibu kwa mkato: "Ni mdoli tu jamani, si alileta mwenyewe!"

Mdoli tu. Haya.

Na msidhani huyu yuko peke yake. Kuna mchekeshaji anayeagiza vigari vya namna hiyo vya kupamba seti yake, halafu ikifika siku ya malipo simu haipokelewi. Kuna dada wa tamthilia alimpa mchumba wake kigari cha kuchongwa kwa mkono siku ya bethidei, akajisifu mbele ya kamera kuwa "nimekesha nikikitengeneza", kumbe aliyekesha yuko Mbagala na bado anadai nusu ya hela. Majina nayaacha. Tabia ndiyo naichana.

Hoja yangu ni fupi. Gari dogo lililotengenezwa kutoka sifuri, bodi ikachorwa na kuchongwa na mtu mmoja, ni kazi ya ubunifu yenye mwenyewe. Mwenyewe anatakiwa kulipwa na kutajwa. Anayeiita mdoli ili asilipe ni mdaiwa anayelikimbia deni kwa kulibadilisha jina.

TUJUE KWANZA TUNABISHANIA NINI

Magari madogo yapo ya aina tatu, na watu wengi wanayachanganya.

La kwanza ni lile la dukani, la chuma cha kumimina kwenye kalibu. Unaenda Kariakoo, unalipa, unaondoka nalo. Kiwanda kina kalibu moja inayotema maelfu ya magari yanayofanana kama mapacha. Halina ubaya, ila hakuna aliyekesha kwa ajili yako.

La pili ni la boksi. Kampuni kama Tamiya ya Japani zinakuuzia vipande vya plastiki na karatasi ya maelekezo. Unakata, unagundisha, unapaka rangi. Hapo kuna ufundi, tena mkubwa, ila umbo la gari limeshaamuliwa na kiwanda.

La tatu ndilo hili letu: la kutoka sifuri. Hakuna boksi, hakuna maelekezo, hakuna kipande kilichokwisha kukatwa. Kuna picha, rula, kipande cha mti na kichwa cha mtu. Na likiwa na bodi ya kubuni, yaani umbo ambalo halipo barabarani popote duniani, hata picha ya kuigia haipo. Lazima uchore mwenyewe.

Kile kigari chekundu ni cha aina hiyo. Dogo mwenyewe aliwahi kueleza kwenye ukurasa wake, kabla ya sarakasi zote hizi, kwamba vipimo vya msingi alivitoa kwenye Toyota 2000GT, bodi akaibuni mwenyewe. Kwa wasioijua, 2000GT ni gari la spoti ambalo Toyota walilitengeneza kwa kushirikiana na Yamaha kati ya mwaka 1967 na 1970, na yaliyotoka ni kama 350 tu. Leo ni lulu. Mwaka 2013 moja liliuzwa mnadani Marekani kwa zaidi ya dola milioni 1. Ndiyo, Toyota hiyo hiyo ya IST yako.

HESABU YA SENTIMITA 17

Kipimo cha kigari hicho ni moja kwa ishirini na nne. Maana yake kila kitu kwenye gari halisi kinagawanywa kwa 24. Sasa chukua simu upige hesabu na mimi.

2000GT halisi ina urefu wa milimita 4,175. Gawanya kwa 24, unapata kama 174, yaani sentimita 17 na ushee. Upana ni milimita 1,600, unapata kama 67. Kimo ni 1,160, unapata 48. Kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma ni 2,330, unapata 97. Gari zima linalala kwenye kiganja chako.

Na hapo ndipo balaa linapoanzia. Ukikosea milimita moja tu kwenye kigari, umekosea milimita 24 kwenye gari halisi. Fikiria Toyota imetoka kiwandani taa ya kushoto imekaa juu kuliko ya kulia kwa sentimita mbili na nusu. Ungeinunua? Jicho la binadamu halina huruma kwenye magari. Hujui kasoro iko wapi, ila unaangalia tu unasema "hili gari limekaa vibaya". Kwa hiyo fundi anapigania nusu ya milimita, akiwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, chini ya taa moja, umeme wenyewe wa kubahatisha.

Kazi inakwenda hivi, niwape kwa kifupi ili kesho mtu asiwadanganye.

Kwanza kuchora. Anachora gari kwa ukubwa ule ule wa kigari, ubavu, juu, mbele na nyuma. Michoro minne lazima ikubaliane. Boneti ikiwa ndefu kwenye mchoro wa ubavuni na fupi kwenye mchoro wa juu, umeshaharibu kabla hujashika kisu.

Pili, anakata vipimo vya kadibodi vinavyofuata mstari wa gari, kama fundi cherehani anavyokata patani. Hivi ndivyo vitakavyokuwa hakimu wake.

Tatu, kuchonga. Anachukua mti laini, anautoa pembe, anaushusha taratibu, kila baada ya dakika chache anaweka kadibodi kuangalia wapi pamezidi. Ukiondoa zaidi ya inavyotakiwa, mti haurudi. Na kazi ngumu kuliko zote ni pande mbili zifanane. Upande mmoja kila fundi anaweza. Kuurudia upande wa pili uwe kama kivuli cha wa kwanza, hapo ndipo wanaume na wanawake wanapojulikana.

Nne, bodi yenyewe. Wapo wanaouacha mti uwe ndio bodi, wanaukomba ndani na kuuziba vinyweleo. Wapo wanaoutumia mti kama kalibu: wanapasha moto shiti ya plastiki mpaka ilegee, wanaivuta juu ya mti, ikipoa wanaikata. Wengine wanapaka faibaglasi tabaka kwa tabaka. Njia zote tatu zinaunguza vidole.

Tano, mistari ya milango na boneti inakwaruzwa kwa ncha kali, mkono usitetemeke. Kioo cha mbele kinatoka kwenye chupa ya maji au soda: unachonga umbo la kioo kwa mti, unavalisha plastiki, unaipasha moto inajivuta na kukaa. Ekseli ni spoku ya baiskeli. Viti, usukani, dashibodi, kila kitu kinatoka kwenye vitu ambavyo wewe unavitupa.

Sita, rangi. Hapa wengi wanaulizwa maswali na Mungu. Puti, msasa. Puti tena, msasa tena. Unaanza na msasa wa 240, unapanda 400, 600, unamalizia na 1,000 kwa maji. Halafu praima, ambayo kazi yake ni kukuonyesha makosa uliyodhani umeyaficha. Unarudi kwenye puti. Rangi yenyewe inapulizwa nyembamba, mara nyingi, kwa sababu rangi ikikaa nusu milimita tu, kwenye gari halisi hiyo ni sawa na unene wa milimita 12. Mistari ya milango inazama, gari linakuwa kama limechovywa kwenye uji. Na vumbi la mtaa halijui kama leo unapuliza rangi. Nywele moja ikitua, unasubiri ikauke, unasugua, unaanza upya.

Hicho ndicho mtu mwenye cheni nne shingoni kasimama akakiita mdoli.

MDOLI UNAOZAA MAGARI

Sasa tuongee na wale wanaojibu "lakini mwisho wa siku ni kitu cha kuchezea watoto".

Ndugu zangu, gari la spoti mnalolitamani mtandaoni lilianza likiwa dogo. Kampuni kubwa za magari zinachonga magari kwa udongo maalumu, mara nyingi zikianza na kipimo kidogo kabla ya kwenda kwenye ukubwa kamili, na zinafanya hivyo mpaka leo pamoja na kompyuta zao zote. Sababu ni rahisi: kwenye kioo cha kompyuta mwanga ni wa kutengeneza, kwenye udongo mwanga ni wa kweli. Mkono unasikia tumbo la bodi pale ambapo jicho limepita. Anachofanya dogo wa Temeke kwa mti na msasa ni kazi ile ile. Tofauti ni mshahara.

Na kama unadhani natia chumvi, sikiliza hii. Mwaka 1930 huko Marekani, Fisher Body, kitengo cha kutengeneza bodi cha General Motors, kilianzisha shindano la vijana la kazi za mikono. Mwanzoni walitengeneza vigari vya farasi vya kifalme. Baadaye likawa shindano la kubuni na kutengeneza gari dogo la ndoto yako, kwa kipimo cha moja kwa kumi na mbili, kwa mikono yako mwenyewe. Likaendelea mpaka 1968. Lilikuwa la wavulana tu, na hilo lilikuwa kosa lao, wasichana waliachwa nje. Lakini sikia zawadi ilikuwa nini. Washindi walipewa pesa za kwenda chuo kikuu.

Kijana mmoja aliyeshinda mwaka 1947 anaitwa Chuck Jordan. Alichonga kigari kama hawa wenzetu wanavyochonga. Mwaka 1986 ndiye aliyekabidhiwa ubunifu wote wa General Motors duniani. Na si yeye tu, wabunifu kadhaa wa magari wa Marekani walipitia mlango huo huo wa kigari cha kuchonga.

Kampuni kubwa kuliko zote wakati ule iliona kigari cha mtoto ikasema: huyu ana kipaji, tumlipie shule. Staa wetu kaona kigari kile kile akasema: huyu ana kipaji, tumpige bloku.

Mnataka mfano wa biashara? Uingereza, mjini Bristol, kuna kampuni inaitwa Amalgam inayotengeneza magari madogo kwa ajili ya matajiri. Kigari kimoja cha kipimo kikubwa kinauzwa maelfu ya dola. Hakuna tajiri anayesimama pale dukani kuwaambia "nipeni bure nitawatagi". Angechekwa mpaka getini.

HAYA, NILETEENI UTETEZI WENU

Nawajua. Mko tayari na vidole. Ngoja niwajibu moja moja.

"Lakini staa anampa jina, jina ni zaidi ya hela." Sawa. Basi mpeni hilo jina! Ndicho alichoomba yule dogo na ndicho alichopigiwa bloku. Hamuwezi kusema mnalipa kwa jina halafu jina lenyewe mnalifuta. Na hata mkimtagi, tagi hainunui msasa. Mwenye duka la rangi hapokei folowazi. Mama mwenye nyumba hapokei makopa.

"Si alimpa zawadi mwenyewe?" Inawezekana kabisa alitoa zawadi, vijana wetu wana moyo. Ila zawadi haimfanyi aliyepokea kuwa ndiye aliyetengeneza. Shangazi akikupa khanga siku ya harusi, huendi kutangaza kwamba umeifuma. Kapsheni ilisema "kazi yangu". Hapo zawadi imekwisha, tuko kwenye kitu kingine, na Kiswahili kina neno lake. Sitaki tu kulisema kabla ya chakula cha mchana.

"Mbona ya Kichina yanauzwa bei chee?" Nimeshaeleza juu, ila narudia kwa waliokuja kwenye komenti bila kusoma. Kiwanda kinagawanya gharama ya kalibu moja kwa maelfu ya magari. Fundi huyu kalibu yake inatoa gari moja, la kwako, lenye jina lako. Unataka bei ya elfu moja? Agiza magari elfu moja.

"Bei zao ni kubwa mno." Haya, hesabu ya mtaani. Tuseme fundi anakaa saa 3 kila jioni, siku 5 kwa wiki, kwa wiki 8. Hizo ni saa 120. Mpe shilingi 2,000 tu kwa saa, hela ambayo hainunui hata kahawa huko mnakokaa kupiga selfi. Inakuja 240,000. Bado hujagusa puti, rangi, gundi, na nauli za daladala kwenda kutafuta rangi inayofanana na ya gari lako. Sasa niambieni, meza moja ya klabu Ijumaa mnaondoka kwa shilingi ngapi? Na asubuhi ile meza mnabaki nayo?

Halafu kuna hili ambalo hamtaki kulisikia. Nusu ya magari ya spoti tunayoyaona kwenye video zenu ni ya kukodi. Tunajua. Namba ile ile imeshaonekana kwenye video tatu za watu wasioongea. Hatusemi kwa sababu kukodi si dhambi, ni biashara. Ila inachekesha mtu anayeazima gari kwa saa nne anapomdharau mtu aliyelitengeneza kwa miezi miwili. Kwenye picha ile, kitu pekee kilichokuwa cha hapa hapa nyumbani, kuanzia wazo mpaka rangi, kilikuwa kile kigari.

NA NYIE FOLOWAZI, MSINICHEKEE

Sijamaliza. Staa hawezi kufanya hivi peke yake, anafanya kwa sababu anajua nyie mtamlinda. Dogo alipoandika ile komenti, kabla haijafutwa, kuna watu zaidi ya mmoja walimjibu: "Tafuta kazi ya maana." "Unatafuta kiki." "Ulivyo mkubwa bado unacheza na vigari."

Wengi wetu humu tulikua tukitengeneza magari ya maboksi na ya waya, matairi ya ndala zilizokatika, tukiyasukuma kwa mti mrefu mtaani. Kila mtaa ulikuwa na mmoja aliyekuwa fundi kuliko wote, gari lake lina springi na taa. Sisi tukakua tukaacha. Yeye hakuacha, akaongeza rula na msasa. Leo tunamcheka kwa kile ambacho sisi tulishindwa kukiendeleza. Halafu tunaandika posti ndefu tukilalamika kwa nini Afrika haitengenezi magari. Itayatengenezaje, ikiwa anayejua umbo la gari kwa vidole vyake tunamwambia akatafute kazi ya maana?

Nendeni Mwenge kwa wachonga vinyago. Mgeni anabishana bei weee, ila mwisho analipa, kwa sababu anajua anachobeba kimetoka mkononi mwa mtu. Angalieni michoro ya Tingatinga, pembeni utakuta jina la aliyechora. Hayo mambo mawili, hela na jina, ndiyo tunayodai. Hatujaomba kiwanja Masaki.

MAFUNDI, NA NYIE MNA YENU

Nisiwe wa upande mmoja. Kuna watu wanaharibu soko hili kutoka ndani. Unanunua gari la dukani, unalikwangua rangi, unalipaka upya, unabandika namba ya staa, unaposti "nimetengeneza kutoka sifuri". Kubadilisha rangi ya gari la kiwandani si kosa, ni kazi na ina wateja wake. Sema tu ukweli: rangi yangu, bodi ya kiwanda. Ukidanganya, siku mtu akigeuza gari akakuta chata ya kiwanda chini, umewachafua wote waliokesha kweli. Vivyo hivyo kwa anayechukua faili la mtandaoni lililochorwa na mtu mwingine akaliprinti kwa mashine ya 3D. Mashine si dhambi. Kuficha aliyechora ndiyo dhambi, na ni dhambi ile ile ya staa wetu.

Sasa kwa mliokesha kweli, shikeni haya.

Msianze kazi bila advansi. Nusu ya bei kabla ya kukata mti. Anayeshindwa kutoa nusu mwanzoni, hiyo nusu ya mwisho ataitoa wapi?

Makubaliano yawe ya maandishi, hata kama ni meseji ya WhatsApp. Bei, siku ya kukabidhi, na sentensi moja: "jina la fundi litatajwa kwenye kila posti." Staa akijibu "sawa", mmemaliza. Msifanye kazi kwa maneno ya mtu wa timu aliyewapigia simu akiwa kwenye gari.

Pigeni picha kila hatua: mchoro, kadibodi, mti, puti, rangi. Mwekee sahihi yako chini ya gari, pale ambapo anayeligeuza ataiona. Yule dogo alikuwa na picha za mti wake tangu siku ya kwanza, ndiyo maana leo watu wanamwamini yeye na si kapsheni.

Na mjue sheria ipo. Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Inalinda kazi za sanaa, za kuchonga zikiwemo, na inampa mtunzi haki ya kutambulika kuwa yeye ndiye aliyeitunga kazi. Umbo la Toyota ni la Toyota, hilo usigombanie. Ila bodi uliyoibuni wewe, mkia ule mrefu ulioutoa kichwani mwako, huo ni wako hata kama gari lenyewe liko sebuleni kwa mtu mwingine.

KWA WEWE STAA

Najua unasoma, maana huwa mnasoma halafu mnajifanya hamjaona. Sikuombi uombe radhi kwa video ya kulia, hizo tumezizoea. Fanya mambo matatu, hayamalizi dakika kumi. Mtoe dogo kwenye bloku. Badilisha kapsheni uandike jina lake. Muulize anadai shilingi ngapi, utume kabla hajamaliza kujibu.

Niwape na umbea mdogo wa historia. Mwaka 1966 Toyota walihitaji 2000GT isiyo na paa kwa ajili ya filamu ya James Bond, kwa sababu mwigizaji Sean Connery alikuwa mrefu mno kwa gari lile. Wakawaita mafundi, wakatengeneza mbili maalumu. Staa alikuwa mkubwa kuliko gari, kwa hiyo mafundi wakalibadilisha gari limtoshe. Na hakuna mahali Connery aliwahi kusimama akasema bodi ile kaichonga yeye. Alikaa, akapendeza, akawaachia mafundi sifa yao. Ukubwa ndio huo, kaka.

Wadau, uwanja ni wenu. Kama unamjua fundi wa vigari mtaani kwako, mwandike jina la kazi yake hapo chini kwenye komenti pamoja na picha ya kazi aliyoifanya. Mastaa wasipowataja, tutawataja sisi. Na wewe unayetaka kuandika "ni mdoli tu", andika, sikuzuii. Ila kwanza chukua kipande cha mti na wembe, uniletee sentimita 17 zenye pande mbili zinazofanana. Nakusubiri.